Mrejesho: kibanda cha kupigia picha ndege bustanini

Wakuu, niliuliza kwa nini ndege aina ya chozi na shore wanatimka kila lenzi ikisogea kibandani. Waliosema "angalia mgongoni kwako" walipatia. Gunia la ukuta wa nyuma wa kibanda lilikuwa tabaka moja, mwanga ukapenya na kivuli cha mtu kikaonekana wazi kupitia tundu la mbele. Nimeshona magunia mawili mawili pande zote, nyuma nikaongeza kitambaa cheusi. Tatizo limekwisha.

Vipimo: mirunda 4 ya mita 1.9, sentimita 40 ardhini, eneo mita 1.2 kwa 1.2. Turubai juu tu, limekazwa kwa mipira ya tyubu. Likilegea linapigapiga kwa upepo na ndege hawatui. Tundu ni sentimita 25 kwa 20, usawa wa tawi wanapotua ndege, na lina mkono wa kitambaa uliofungwa kwenye lenzi ili mdomo wake usitokeze nje.

Kibanda kiko mashariki mwa tawi, kwa hiyo jua la asubuhi linatoka nyuma ya mpigaji. Kwa lenzi ya milimita 400, tawi liko mita 4. Ua wa miti uko mita 6 nyuma yake, unafifia vizuri pichani.

Maji: sahani ya udongo, kina sentimita 3, yabadilishwe kila siku, mbu wasizaliane. Maji ya sukari niliyaondoa, yalileta nyuki. Mshubiri ukichanua chozi wanakuja wenyewe.