Kwa nini RNA inaharibika haraka kuliko DNA?

Mdadisi: Wakuu habari zenu, hapa nimekwama. DNA na RNA zote ni minyororo ya nyukliotidi (vipande vinavyojirudia kujenga mnyororo), zote zina fosfeti na sukari, sasa mbona RNA ndo inakatika kirahisi hivyo wakati DNA inapatikana mpaka kwenye mifupa ya kale? Si tofauti ya sukari ni oksijeni moja tu?

Mpenda_Kemia: Mkuu hiyo oksijeni moja ndo kila kitu. Raibosi, yaani sukari ya RNA, ina OH kwenye kaboni namba 2, na hiyo OH iko jirani kabisa na fosfeti inayounganisha nyukliotidi mbili, sasa ikikutana na alkali inapoteza protoni, oksijeni inabaki na chaji hasi inaishambulia fosforasi na mnyororo unakatika. Yaani RNA imebeba mkasi wake yenyewe. DNA pale ina H tu.

Mama_Seli: Umeeleza vizuri sana. Niongezee, DNA inatumia thaimini badala ya urasili ya RNA (hizi ni besi, zile "herufi" za mnyororo) kwa sababu sitosini, besi nyingine, huwa inapoteza kundi la amino inageuka urasili, kwa hiyo DNA ingekuwa na urasili zake halali vimeng'enya vya ukarabati vingejuaje ipi ni kosa?

Mdadisi: Aisee kumbe! Na bondi za peptidi, zile zinazounganisha amino asidi kwenye protini, je?

Mpenda_Kemia: Hizo ngumu. Nitrojeni inagawana elektroni na kabonili (kaboni yenye oksijeni, C=O) mpaka bondi kati yao inakuwa na tabia kiasi ya bondi mbili (double bond), ndo maana haizunguki ovyo. Maabara wanachemsha protini kwenye asidi kali, HCl ya 6 M (moli 6 kwa lita), nyuzi 110 za Selsiasi, saa 24, ndo zinaachana.