Nimepanga nambari zote katikati zipendeze, sasa hesabu ya samaki inatoka pungufu. Nimekosea wapi?

KaraniWaMizani (Lamu)

Asalaam aleikum wadau, poleni na joto.

Mimi ni karani wa kikundi cha wavuvi huku Amu. Kazi yangu ni kusimama kwenye mizani chombo kikifika, kuandika kilo, na jioni kumpa mwenyekiti hesabu ya siku. Miaka yote tulitumia daftari. Mwezi uliopita tukapata laptopu, mwenyekiti akasema daftari basi, kila kitu kiingie Excel.

Nikatengeneza jedwali: tarehe, chombo, nahodha, simu, samaki, kilo, bei, jumla. Kusema kweli lilikuwa na sura mbaya. Majina yamebanana kushoto, nambari zimekwenda kujibana kulia, halafu kuna nambari nyingine zimejitenga kushoto kama zimenuna. Mimi sipendi kitu kikae mshazari. Nikachagua karatasi nzima, nikabonyeza kitufe cha kuweka kila kitu katikati. Likapendeza kama mlango wa nakshi.

Balaa limeanza juzi. Mashua moja ilileta kolekole kilo 14.5, changu 9.25, nguru 22 na pweza 6.75. Kwa kalamu ni 52.5. Mashine ikatoa 45.75. Tajiri akalipa kwa hesabu ya mashine. Usiku nahodha akanijia nyumbani na kipande cha boksi la sigara alichoandikia, na mwenye haki alikuwa yeye. Tofauti nimeilipa kutoka mfukoni mwangu, na mfuko wenyewe mnaujua.

Kuna na mengine. Nukta za desimali zinacheza ngoma, 14.5 juu ya 22 juu ya 9.25, mwenyekiti anasema akizitazama anapata kizunguzungu. Nikitaka kupanga vyombo kwa alfabeti, mashine inagoma. Na nambari za simu zimepoteza sufuri ya mbele.

Nisaidieni kabla sijarudishwa kwenye daftari.

MtuWaLangoni

Dada, umempaka bibi harusi hina kabla hajaoga. Nakaa hapa nisubiri mafundi.

FundiShela

Waaleikum salaam dada. Pole kwa hiyo pesa.

Jambo la kwanza, kabla ya fomula yoyote: ondoa ule mpangilio wa katikati kwenye safu ya kilo. Chagua safu yote, kile kitufe cha katikati kitakuwa kimewaka, kibonyeze tena kizime. Sasa tazama kila nambari inakimbilia wapi.

Excel ina tabia moja ambayo watu huiona kama urembo tu. Ukiiacha ipange yenyewe, maandishi huyalaza kushoto, nambari huzilaza kulia, na majibu ya kweli au si kweli pamoja na alama za makosa huziweka katikati. Kwa hiyo upande ambao kitu kimelala ni mashine inakwambia imekielewa vipi. Zile nambari ulizoziona zimenuna upande wa kushoto hazikuwa nambari. Zilikuwa maneno yenye sura ya nambari. Wewe ukaja ukazipanga zote katikati, ukaizima taa ya hatari kwa sababu ilikuwa inakuumiza macho.

Nabahatisha: kwenye pweza uliandika 6.75 kg, na hizo herufi kg ukaziandika wewe mwenyewe ndani ya seli. Toa 6.75 kwenye 52.5 uone kama hupati ile 45.75 yako.

SUM, ile fomula ya kujumlisha, ikikuta maneno ndani ya safu hailalamiki. Inayaruka, inaendelea na safari. Ungejumlisha seli moja moja kwa alama ya + ungepata kosa la #VALUE! usoni, ukashtuka mapema. Kuna na kile kipembe cha kijani kwenye kona ya seli, lakini hicho huja pale nambari tupu imehifadhiwa kama maandishi. 6.75 kg haikipati, maana kwa mashine hayo ni maneno halali kabisa, sawa na kuandika "pweza".

Dawa: bonyeza Ctrl+H, tafuta kg pamoja na nafasi iliyo mbele yake, sehemu ya kubadilishia iache tupu. Kama baada ya hapo bado imelala kushoto, basi seli yenyewe imewekwa aina ya Text. Chagua safu, nenda Data, kisha Text to Columns, bonyeza Finish bila kugusa kingine. Zitaruka kulia mbele ya macho yako.

Na ukitaka neno kg lionekane, usiliandike wewe. Bonyeza Ctrl+1, kichupo cha Number, chagua Custom, andika 0.00" kg". Hapo seli ina nambari peke yake, kg ni nguo tu imevishwa.

KaraniWaMizani

Wallahi fundi, umeona kama ulikuwa umesimama nyuma yangu. Ni pweza! Mwanzo nilikuwa naandika kg kila mahali, baadaye nikachoka nikaacha. Ile ya pweza mkono ulienda wenyewe.

Nimezima katikati kwa karatasi ya mwezi mzima. Nyingine mbili zimeruka kushoto. Moja ni 6 kg, hiyo naielewa. Ya pili ni 10.5 safi kabisa, haina kg, haina kitu. Hii nayo ina nini?

FundiShela

Ibofye mara mbili, ifute yote, iandike upya. Nina wasiwasi uliandika herufi O mahali pa sufuri.

KaraniWaMizani

😳 Ndivyo. Sasa imelala kulia.

BiHesabu_Malindi

Mdogo wangu, ukimaliza kilo tazama na safu ya tarehe. Mimi nafanya hesabu za nyumba ya wageni huku Malindi, na hilo lilinitoa jasho zaidi kuliko pesa.

Tarehe kwa Excel ni nambari. Huhesabu siku kuanzia 1 Januari 1900, hiyo ndiyo siku ya 1, kisha huivisha nambari sura ya tarehe. Kwa hiyo tarehe iliyoeleweka hulala kulia. Laptopu nyingi huja zimewekwa kwa mtindo wa Marekani, mwezi kwanza siku baadaye. Sisi tunaandika siku kwanza. Ukiandika 13/11, mashine inatafuta mwezi wa 13, haupati, inaamua hayo ni maneno, inayalaza kushoto. Hilo ni kosa jema kwa sababu unaliona. Baya ni 5/11. Wewe unakusudia tarehe 5 Novemba, mashine inakubali vizuri, inalaza kulia, na imeandika 11 Mei. Mgeni wangu mmoja alionekana amelala chumbani kwangu miezi sita kabla hajafika Malindi.

Kwa hiyo ukiona safu ya tarehe nusu ziko kushoto na nusu kulia, usishughulike na zile za kushoto peke yake. Hizo za kulia ndizo zinazodanganya. Badilisha mpangilio wa eneo kwenye kompyuta yenyewe uweke Kenya, kisha ziandike upya zile zilizokwishaharibika, maana hazitajirekebisha.

KaraniWaMizani

Ee Mola. Dada, nina vyombo vilivyovua mwezi wa Mei wakati laptopu tumeipata juzi. Naenda kurekebisha.

Mzee_wa_Leja

Mwanangu, mimi nimestaafu, nilikuwa karani enzi za leja za karatasi, nikawahi na hizo kompyuta za mwanzo. Tulitumia Lotus 1-2-3, programu ya majedwali kama hii Excel, ile iliyotoka mwaka 1983. Humo ulipangilia kwa alama: ukianza na ' neno linalala kushoto, ukianza na " linalala kulia, ukianza na ^ linakaa katikati. Excel imerithi ile ' peke yake. Ukianza seli kwa alama hiyo, chochote kinachofuata ni maneno, hata kikiwa nambari tupu, na alama yenyewe haionekani kwenye seli.

Hiyo ndiyo dawa ya simu zako. Nambari ya simu si kiasi cha kitu. Hakuna mtu anayejumlisha simu ya nahodha na simu ya baharia. Iandike kama maneno, ilale kushoto na sufuri yake.

Kilo ni habari nyingine. Sisi skuli tulifundishwa mamoya tini ya mamoya, makumi tini ya makumi, ndiyo ndia ya hesabu, yaani mamoja chini ya mamoja, makumi chini ya makumi. Nambari ikiwa katikati, mamoja ya huyu yanaangukia makumi ya yule, na jicho haliwezi kukuambia 9.25 ni ndogo kuliko 14.5 mpaka uzisome. Zikiwa kulia, ndefu inajitokeza yenyewe. Mwenyekiti wako ana haki ya kupata kizunguzungu.

Nahodha_Mstaafu

Mzee, simu si bora aanze na 254 tu? Sufuri haipo, shida imekwisha.

FundiShela

Hapana kaka. Ukianza na 254 zinakuwa tarakimu 12, na Excel nambari ya tarakimu 12 huifupisha, utaona 2.547 na E+11 nyuma. Zikizidi 15 ndiyo hatari, kwa sababu tarakimu za baada ya hapo hugeuzwa sufuri na hazirudi. Nambari ndefu za akaunti zimepotezwa namna hiyo. Msikilize mzee. Au kama safu nzima ni ya simu, iweke aina ya Text kabla hujaandika chochote. Kabla, si baada.

Kuhusu kugoma kupanga alfabeti, dada, jina la chombo umeliandika mara moja kisha ukaunganisha seli za chini yake, siyo?

KaraniWaMizani

Ndiyo. Mashua ikileta aina nne za samaki, naunganisha mistari minne, jina likae katikati yake. Na juu kabisa kuna kichwa cha habari kimeunganishwa safu zote nane.

FundiShela

Basi mchawi ni huyo. Seli zilizounganishwa zenye ukubwa tofauti haziwezi kupangwa, na hata kuchuja kutakupa majibu nusu, maana kwa mashine jina liko kwenye mstari wa kwanza tu, mitatu iliyobaki ni mitupu. Zitenganishe, jina la chombo liandike kwenye kila mstari. Najua linachosha na linaonekana kama kurudiarudia. Vumilia.

Kichwa cha juu unaweza kukiweka katikati bila kuunganisha. Andika kwenye seli ya kwanza, chagua zote nane, Ctrl+1, kichupo cha Alignment, kwenye Horizontal chagua Center Across Selection. Kwa macho ni kitu kimoja, ila kila seli imebaki na uhuru wake. Sijui kwa nini wamekificha huko ndani na kile kitufe kibaya wamekiweka mbele.

UstadhWaChuoni

Samahani kuingilia uzi. Mimi nina orodha ya wanafunzi wa madrasa, majina kwa herufi za Kiarabu. Nikiweka jina na nambari ndani ya seli moja, vinabadilishana nafasi. Hii nayo ni mambo ya kushoto na kulia?

BiHesabu_Malindi

Ustadh, kulaza kulia peke yake hakutoshi. Hapo hapo kwenye Ctrl+1, kichupo cha Alignment, chini kuna Text direction. Weka Right-to-Left. Moja inaamua neno lilale wapi, nyingine inaamua lisomwe kuanzia wapi. Na kama unaweza, nambari zipe safu yake.

UstadhWaChuoni

Jazakillahu kheri.

MtuWaLangoni

Nami nina langu. Natumia simu, Google Sheets. Maelezo marefu yanamwagikia seli ya jirani.

BiHesabu_Malindi

Chagua safu, washa kukunja maandishi, yatashuka mistari ndani ya seli yake. Ila mstari ukinenepa hivyo, zile seli nyingine fupi hubaki zimezama chini, kwa sababu ndivyo zinavyowekwa kwa kawaida. Zipandishe juu, usome kila kitu kuanzia mstari mmoja.

KaraniWaMizani

Wadau, nimerudi. Nimekesha lakini limekaa. Simu kushoto, majina kushoto, kilo na shilingi kulia. Vichwa vya safu za nambari nimevilaza kulia pia, mwanzo vilikuwa kushoto na nambari kulia, kilo ikawa inaonekana kama ni ya safu ya samaki. Vyombo vinapangika kwa alfabeti. Mzigo wa juzi unatoa 52.5, na tajiri amekubali kunirudishia tofauti yangu Ijumaa.

Moja tu limebaki. Kuna kijana wa hapa aliniambia niweke mfumo wa 0.?? kwenye kilo, eti alama ya kuuliza huacha nafasi pale tarakimu inapokosekana, nukta zisimame mstari mmoja. Zimesimama kweli. Lakini nguru wa kilo 22 anatokea "22." na nukta yake inaning'inia. Mwenyekiti kaivalia miwani, kauliza: "Hii nukta ya nini? Mmekata mkia wa samaki?"

Mzee_wa_Leja

Weka 0.00. Aone 22.00, alale.

KaraniWaMizani

Nimeweka. Ameitia sahihi.