Ushauri kuhusu nyaya za kamera za ulinzi kabla ya kuta kupigwa plasta

Mwenye nyumba, Mukono

Ndugu zangu, habari za kazi. Ninamjengea mama yangu nyumba wilayani Mukono, na wiki ijayo mafundi wataanza kupiga plasta, kwa hiyo nyaya za kamera za ulinzi zinapaswa ziwe zimekwisha kulazwa ukutani kabla ya hapo. Fundi wa kwanza anapendekeza waya wa RG59, ule mnene unaofanana na wa antena ya televisheni, pamoja na waya mwingine wa umeme wa volti 12 kwa kila kamera. Wa pili anasisitiza waya wa Cat6, ule wa kuunganishia kompyuta, na kamera za mtandao. Kamera ni sita: nne kwenye pembe za nyumba, moja langoni umbali wa mita 70, na moja kwenye banda la ng'ombe umbali wa mita 130. Mama anaishi peke yake, na sitaki kurudi kubomoa ukuta baada ya mwaka mmoja. Naomba mnishauri.

Fundi wa mitandao, Jinja

Dada, pole na majukumu ya ujenzi. RG59 si waya mbaya, kwa kuwa kamera za analojia za siku hizi hutoa picha safi kupitia waya huo hata ukizidi mita 100. Taabu yake iko kwenye umeme. Chukua kamera ya langoni: usiku, taa zake za infraredi zinapowaka, inaweza kuvuta nusu ampea. Ukiipelekea volti 12 kwa waya wa shaba wa milimita za mraba 0.5, safari ya mita 70 kwenda na 70 kurudi ina ukinzani wa karibu omu 5, kwa hiyo volti 2.5 hivi zinapotelea njiani na kamera inabaki na 9.5. Mchana utaiona inafanya kazi vizuri. Giza likiingia, wakati unaoihitaji hasa, itazima na kuwaka yenyewe.

Kamera ya mtandao hupokea umeme na kupeleka picha kwa waya uleule mmoja, kwa mfumo wa PoE. Umeme huo ni wa volti zinazokaribia 48, hivyo kamera ya wati 6 huvuta mkondo mdogo sana, na kwa mita 70 hasara haifiki hata volti moja. Faida nyingine ni kwamba UPS moja, yaani betri ya akiba, iliyounganishwa kwenye swichi (kisanduku ambamo nyaya zote za kamera hukutana na kupewa umeme) na kinasa picha huziweka kamera zote hai umeme unapokatika. Chagua swichi ya kiwango cha 802.3af, kwa sababu hukitambua kifaa kwanza kabla ya kukipa umeme. Zipo za bei nafuu zinazosukuma umeme bila kutambua chochote, nazo zinaweza kuunguza kamera.

Cat6 si lazima. Kamera moja kwa kawaida haihitaji hata megabiti 10 kwa sekunde, ilhali Cat5e, ndugu yake wa daraja la chini, hubeba 1,000 hadi mita 100. Ni heri ununue Cat5e ya shaba tupu kuliko Cat6 ya shaba ya kupaka.

Mkazi wa Kampala

Hilo la mwisho lizingatiwe sana, kwa maana mimi nimelilipia. Niliuziwa boksi la mita 305 kwa bei iliyonifurahisha, na kamera yangu ya mbali ikawa inakatika kila usiku. Nilibadilisha kamera, nikabadilisha swichi, na mwishowe nilipoukwangua uzi wa ndani kwa kisu nikakuta weupe chini ya ule wekundu: alumini iliyopakwa shaba. Ukinzani wake unazidi wa shaba kwa takriban nusu, na nyuzi zake hukatika upesi zikikunjwa. Kwangua kabla ya kulipa, dada.

Mwenye nyumba, Mukono

Nawashukuru sana. Je, banda la ng'ombe lililopita mita 100 nilifanyie nini? Na radi je? Tuko karibu na Ziwa Victoria, ngurumo ni za mara kwa mara.

Fundi wa mitandao, Jinja

Maswali hayo mawili yana jibu moja: faiba. Hiyo hupitisha mwanga kwenye uzi wa kioo, kwa hiyo mita 130 si kitu kwake, na aina isiyo na chuma ndani haiwezi kuleta umeme wa radi kutoka bandani hadi kwenye kinasa picha kilichomo nyumbani. Waya wa shaba unaounganisha majengo mawili yenye ethi (kiungo cha umeme na ardhi) tofauti ni hatari, kwani radi ikipiga jirani, ardhi ya jengo moja hupanda volti kuliko ya jingine na tofauti hiyo hukimbilia kwenye waya. Utahitaji kigeuzi cha faiba, kinachobadilisha mawimbi ya umeme kuwa mwanga na mwanga kuwa umeme, kila upande, na umeme wa pale bandani kwa ajili ya kamera. Langoni unaweza kutumia Cat5e, lakini weka kizuia radi katika ncha zote mbili, kila kimoja kikiwa na ethi ya kweli, maana bila ethi ni pambo tu.

Ndani ya ukuta na juu ya dari, pitisha kila kitu kwenye mabomba ya plastiki na uache kamba ndani yake; panya hutafuna nyaya, na kwa kamba hiyo utavuta waya mpya bila kugusa plasta. Usichanganye nyaya hizi na za umeme wa volti 240 katika bomba moja. Kwa sehemu ya kwenda langoni nunua waya wa nje wenye ganda jeusi, usioharibiwa na jua wala unyevu.

Mwenye nyumba, Mukono

Nimeelewa. Nitaweka Cat5e ya shaba kwa kamera tano na faiba kwa banda.

Fundi wa mitandao, Jinja

Vyema. Andika namba kwenye ncha zote mbili za kila waya, acha mita mbili za ziada kila upande, na upime kila mmoja kwa kuwasha kamera yenyewe, tena usiku, kabla hujamruhusu fundi wa plasta kuanza.