Mama ang'olewe magego kabla ya mionzi?

NyarAhero, Kisumu
Hamjambo. Mama ana miaka 58. Uvimbe ulimtokea mbele ya sikio la kushoto, kliniki moja ikamtibu matubwitubwi karibu mwaka mzima. Matubwitubwi, mtu ana wajukuu! Kinyama kilipopelekwa maabara, jibu likarudi saratani adimu ya tezi ya mate, adenoidi sistiki. Ameshapasuliwa. Sasa ameandikiwa mionzi siku 33, ila kwanza ang'olewe magego mawili ya chini yaliyooza. Mjomba anasema kumng'oa jino mtu wa saratani ni kuichokoza isambae. Mama ameshika la mjomba. Nimwambie nini?

Dere wa Section 58, Nakuru
Pole dada. Yangu ilikuwa ndani ya pua, juu kabisa, na mimi pia nilianzia kwa daktari wa meno. Shida iko kwenye taya. Mionzi huharibu mishipa midogo ya damu ya mfupa. Jino likija kung'olewa baadaye, hata baada ya miaka 5, shimo linaweza kukataa kufunga na mfupa ukafa. Ndiyo maana mabovu hutoka mapema, fizi zipate kama wiki 2 za kupona. Mimi walinitoa matatu, mazima wakaniachia.

Mtayarishe kwa kinyago. Ni plastiki inayolainishwa kwa maji moto, wanakulaza nayo usoni mpaka mabegani, inakauka na sura yako. Kila siku unafungwa nayo mezani usitikisike. Mimi niliyezoea kubana abiria, siku hiyo nikabanwa mwenyewe! Miale yenyewe huisikii. Kazi ilianza wiki ya tatu: mate mazito kama mrenda, chai haina ladha, ugali haushuki. Niliishi kwa uji wa wimbi na parachichi. Nilikonda kilo 8, kinyago kikacheza, ikabidi nitengenezewe kingine. Mlishe hata akikutukana.

Sista wa zamani, Kakamega
Naongeza la nywele, maana Dere hasuki. Mama aamue mapema: akipimwa kinyago akiwa amenyoa, asije wiki ijayo na rasta, hakitaingia.

Saratani hiyo hupenda kutambaa kwenye neva, ndiyo sababu mionzi hufuata hata uvimbe ukitolewa wote. Baada ya upasuaji inafaa ianze ndani ya wiki 6 hivi, kwa hivyo msikalie hilo jino. Asukutue kwa maji vuguvugu ya chumvi. Na mashine si Nairobi tu, ulizeni Eldoret na Nakuru.

NyarAhero, Kisumu
Tuko wiki ya tatu. Nimemsomea mama hiyo ya kubana abiria, amecheka upande mmoja wa mdomo, ule mwingine bado haujarudi. Jumanne tunaenda kung'oa. Mjomba nimemwachia nauli.