Alilala na jiko la mkaa, CT skani safi, sasa kawa mtu mwingine. MRI ya nini?

Mtoto wa Baridi: Wakuu, naombeni ushauri. Dogo langu yuko Makambako. Kwa baridi ile ya Julai akaingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga dirisha. Asubuhi mlango ukavunjwa, hajitambui. Hospitali wakampa oksijeni, CT skani, ile picha ya kichwa, wakasema safi, akatoka anatania manesi. Baada ya kama wiki tatu mambo yamegeuka: anasahau kama amekula, anajikojolea, anaburuta miguu, ukimsemesha anakukodolea macho tu. Daktari anataka MRI, picha nyingine ya ubongo. Mama anasema karogwa, hela iende kwa mganga. CT ilikuwa safi, MRI itaona nini?

Mzee wa Kijiwe: Pole mkuu. Mganga hakimbii, anza na hospitali.

Fundi Picha: Nafanya kazi chumba cha picha. CT ya siku ya kwanza kuwa safi ni jambo la kawaida kwa hawa wagonjwa. Gesi ya mkaa, kaboni monoksaidi, inang'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Hata kile kimashine cha kidoleni cha kupima oksijeni kinadanganyika, kinasoma vizuri huku ubongo unakosa hewa. Kwenye MRI mara nyingi tunakuta madoa mawili, kushoto na kulia, ndani kabisa, sehemu inayoitwa globasi palidasi, inayohusika na mwendo. Ila kwa aliyezinduka vizuri kisha akabadilika, ningetazama zaidi sehemu nyeupe ya ubongo, inaathirika pande zote mbili. Hali hiyo huja kwa kuchelewa, siku chache hadi wiki kadhaa. Fomu iandikwe wazi kwamba alivuta gesi ya mkaa na tarehe yake, la sivyo msomaji wa picha atawaza maradhi mengine.

Dada Neema: Na picha ikiwa mbaya ndo basi tena?

Fundi Picha: Hapana dada. Wengi hupata nafuu ndani ya mwaka, kwa mazoezi ya viungo na uangalizi. Faida nyingine ya picha ni kuona kama kuna kitu kingine, mfano damu iliyovujia kichwani kwa kuanguka. Hiyo ina tiba yake.

Mtoto wa Baridi: Mkuu umenishtua. Juzi kaanguka bafuni, kagonga kisogo.

Fundi Picha: Basi usingoje zamu ya MRI. Mpeleke leo leo, useme alianguka, warudie CT. Ni ya haraka, na damu inaiona.

Mtoto wa Baridi: Natafuta gari sasa hivi. Mama nitamweleza njiani.