Kicheza muziki: upande mmoja unakata, kadi ya GB 64 haisomi

Mdau_Mbuyuni, Moshi
Wakuu, habari za jioni. Nina kicheza muziki cha mfukoni, kile cha vitufe. Spika ya sikio la kulia inakata mpaka niipinde plagi. Nikisikiliza huku nachaji kuna mngurumo. Tena kadi mpya ya GB 64 haionekani kabisa, ilhali ya GB 8 inasoma. Kinatengenezeka?

Fundi_Kaloleni, Arusha
Kinatengenezeka mkuu. Chomeka spika nyingine za masikioni. Kukata kukiisha, waya wa zile za kwanza umekatika, mara nyingi kwenye shingo ya plagi. Kukiendelea, mulika tochi ndani ya tundu. Vumbi la kiangazi na nyuzi za mfukoni hushindiliwa chini, plagi isifike mwisho. Zima kifaa, chokonoa taratibu kwa kijiti cha meno. Usitumie pini, inakunja bati za ndani. Kisha zungushia kijiti pamba kidogo yenye spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, ufute, uache dakika 10 ikauke.

Bado inakata? Basi miguu ya tundu imeachia kwenye bodi ya saketi. Hili huua vifaa hivi mara nyingi, maana kila plagi inapovutwa upande, lehemu ndiyo inayobeba. Chukua lenzi: ufa huonekana kama duara jeusi kuuzunguka mguu. Tenganisha betri kwanza. Paka flaksi (dawa ya kusaidia lehemu ishike), gusa kila mguu kwa pasi ya kulehemu yenye nyuzi joto 320 hadi 350 za Selsiasi, sekunde 2 au 3 tu, ongeza lehemu mpya kidogo. Ukizidisha muda, plastiki ya tundu inayeyuka na njia ya shaba inabanduka.

Ukipima na mita ya umeme: ncha ya plagi ni kushoto, pete ni kulia, shina ni ardhi (njia ya pamoja ya kurudisha umeme). Ukisikia ala vizuri lakini sauti ya mwimbaji imefifia au imepotea, ni ardhi iliyoachia.

Sauti_Njiro, Arusha
Kuhusu kadi: zinazozidi GB 32 hutoka kiwandani na exFAT, mfumo wa kupanga mafaili, na vicheza vingi vya bei nafuu vinajua mfumo wa FAT32 pekee. Hamisha nyimbo zako kwanza, kisha ifomati upya kuwa FAT32 kwa kompyuta. Ikikataa hata hapo, kifaa kimeishia kadi za aina ya SDHC, ambayo kikomo chake ni GB 32. Nunua ya ukubwa huo. Ila kadi yoyote mpya ipime kwanza kwa H2testw, programu ya kompyuta ya kupima ukubwa halisi wa kadi, kwani kadi feki huandikwa 64 wakati ndani ni 8, na nyimbo zinaharibika ikijaa.

Na tafadhali, usigeuze MP3 ya kbps 128 (kiasi cha data kwa sekunde) kuwa 320 ukitegemea isikike vizuri. Kilichokwisha kukatwa hakirudi. Wimbo wa dakika 4 utatoka MB 4 hivi kwenda karibu 10, sauti ileile.

Mdau_Mbuyuni, Moshi
Asanteni sana. Spika nyingine nazo zinakata. Nikichaji kwa pawabanki, mngurumo hakuna.

Fundi_Kaloleni, Arusha
Basi mngurumo ni wa chaja yako, badilisha hiyo. Tundu ni la kuchomelea. Ukifungua, kagua betri: ikiwa imevimba, usiibonyeze wala kuitoboa, weka nyingine ya volti 3.7 yenye vipimo vilevile, na hakikisha waya mwekundu unaenda kwenye alama ya kujumlisha.