Projekta ya Doto, sebule ya mama

*UKOO WA NANSIO 🐟*

*Doto:* Shikamooni wakubwa. Jamani nimepata projekta, jamaa wa Instagram anauza laki tatu na themanini, lumeni 12,000, 4K, inatoa mpaka inchi 200, nataka nimlipe kesho asubuhi maana anasema zimebaki mbili

*Kulwa:* Zimebaki mbili tangu Januari 😂

*Mama Kulwa:* Marahaba mwanangu. Projekta ya nini na tv ipo?

*Doto:* Ya gemu mama. Tivii ya inchi 32 tukicheza watu wanne tunabanana kama dagaa kwenye kichanja

*Neema (Dar):* Shikamoo shangazi. Binamu 4K kwa laki tatu na themanini??

*Doto:* Imeandikwa kwenye boksi kabisa

*Anko Shija:* Doto usilipe kitu. Niko Nyakato nafunga projekta ya sendofu, nikitulia naandika

*Mama Kulwa:* Shija na wewe ukitulia ukumbuke mchango wa mwezi huu, umebaki peke yako

*Anko Shija:* 🙏🏾

*Kulwa:* Hiyo mikono tuliiona na mwezi uliopita

*Anko Shija:* Haya nimekaa. Doto sikiliza, kwenye boksi wanaandika wanachotaka. Lumeni ni kipimo cha mwanga, na hiyo 12,000 sio ANSI. Za ANSI ndio zinapimwa kwa utaratibu unaoeleweka, ukikuta lumeni tupu bila hilo neno jua hapo pameongezwa chumvi. Afu usiulize kama inasapoti 4K, ile picha ya vidoti vingi, kila kitu siku hizi kinasapoti, uliza neitivu yake ngapi, yaani vidoti ilivyo navyo yenyewe. Za bei hiyo unaweza kukuta neitivu ni 800 kwa 480 tu, inapokea picha kubwa inaikamua mpaka iingie kwenye kidirisha kidogo ndo inakutandazia ukutani, dakika na magoli pale juu huwezi kusoma. Mi nilinunua ya hivyo 2019 nikaifunga kwenye kibanda pale Kirumba, wateja wamelipa wamekaa wananiuliza anko mpira uko wapi

*Neema (Dar):* Baba usiwaambie watu haya mambo 😂

*Doto:* Duh. Sawa anko, sasa nitafute ipi, washkaji wanasema kwa gemu ni shoti thro

*Anko Shija:* Inategemea na sebule. Kutoka ukuta wa tivii mpaka ukuta wa nyuma ya kochi mita ngapi

*Doto:* Kama nne hivi

*Anko Shija:* Umepima na nini

*Doto:* Hatua

*Anko Shija:* Chukua futi, baba yenu anayo kwenye boksi la vifaa

*Kulwa:* Mita 3 na sentimita 10. Mimi ndio nimeshika upande wa pili, naomba niandikwe

*Doto:* Ukuta wa tivii upana 3.4. Juu mpaka silingibodi 2.7

*Anko Shija:* Unaona hatua zako zilivyokudanganya karibu mita nzima. Sasa hesabu iko hivi, kila projekta ina namba yake ya kurusha, unachukua umbali wa lenzi mpaka ukutani unagawa kwa upana wa picha. Hizi zangu za ukumbini ni kama 1.5. Picha ya inchi 100, hiyo inapimwa kona mpaka kona, ina upana wa sentimita 221, zidisha kwa 1.5 unapata mita 3.3. Sebule yenu 3.1. Hiyo projekta itabidi itoboe ukuta ikakae kwa jirani

*Mama Kulwa:* Kwa mama Asha? Thubutu

*Anko Shija:* Hata ukishusha picha iwe inchi 80 bado unataka mita 2 na 65 hivi, hapo mwanga unakutana na panga boi, na likizunguka picha nzima itapepesa. Afu wewe ukiinuka kushangilia kivuli cha kichwa chako ndio kinakuwa golikipa. Ndo maana za kurusha karibu, shoti thro, zina faida kwa watu wa gemu, namba yake iko chini ya 1, unaiweka mbele ya wachezaji na kivuli hakuna. Zipo na zile zinazokaa chini kabisa pembeni ya ukuta, namba yake chini ya 0.4, achana nazo. Bei ni ya pikipiki na mwanga wake unapanda ukutani kwa kulala, kiuvimbe kidogo cha plasta unakiona kama mlima. Na ule ukuta nauelewa nilipiga plasta mwenyewe 2011

*Mama Kulwa:* Leo umekiri kwa maandishi. Naihifadhi hii

*Kulwa:* 😂😂😂 mama kapiga skrinshoti

*Doto:* Anko kuna ishu nyingine, nilicheza kwa jamaa Nyegezi ana projekta, picha safi kabisa ila unabonyeza pasi mchezaji anafikiria kwanza ndo anapiga. Nilifungwa nne na mtu ambaye kwenye tivii namfunga kila siku

*Kulwa:* Hapo tusisingizie projekta

*Anko Shija:* Hiyo ya gemu sina uzoefu nayo, bibi harusi hata akichelewa sekunde kwenye skrini hakuna anayejua. Neema?

*Neema (Dar):* Hiyo ndo ya kuangalia kuliko hata mwangaza binamu. Gemu inatoa picha 60 kwa sekunde, ndo zinaitwa fremu, kila fremu ni milisekunde 16 na kidogo. Projekta inayosema inachelewa milisekunde 16 maana yake imechelewa fremu moja tu, mkono hausikii. Ikifika 50 ni fremu tatu, 100 ni sita, hapo mpira umeshaibiwa na wewe bado unautafuta. Tafuta iliyotengenezwa kwa gemu na uiweke kwenye gemu modi. Afu jamaa wa Nyegezi naomba kuuliza, projekta yake imekaa katikati ya picha au ameiweka pembeni imepinda?

*Doto:* Imekaa juu ya kabati kwa pembeni kweli, akabonyeza kitu picha ikanyooka

*Neema (Dar):* Basi. Kile kitufe cha kunyoosha picha, kistoni, kinaichakata picha upya kila fremu, kwenye mashine nyingi ndo inazidi kuchelewa, na picha inapoteza ukali. Kwa gemu unaipanga projekta yenyewe inyooke, kistoni unaacha sifuri

*Doto:* Mmh kwahiyo nilikuwa sijafungwa kihalali

*Kulwa:* Ulifungwa

*Anko Shija:* PlayStation yako ni ipi?

*Doto:* PS4 ya kawaida

*Anko Shija:* Basi 4K usiihangaikie, hiyo yenyewe mwisho inatoa 1080p, yaani vidoti 1920 kwa 1080. Tafuta projekta neitivu 1080p, ANSI 3000, shoti thro, na pazia zito. Bajeti?

*Doto:* Ile hela ya mchezo wa upatu nimepokea zamu yangu, na za kuuza simu, jumla milioni na laki moja

*Mama Kulwa:* MILIONI???

*Mama Kulwa:* Doto njoo hapa jikoni

*Kulwa:* Ameenda. Tumwombee

*Mama Kulwa:* Haya mimi sina neno, hela ni yake. Ila nauliza, hiyo mashine ikikaa mbele ya kochi mimi nikitoka jikoni na sufuria ya chai napita wapi? Mlango wa jikoni uko pale pale

*Anko Shija:* Swali zuri dada. Ndio maana itaning'inia juu, kichwa chini miguu juu, kwenye menyu unaigeuza picha. Ila Doto usifunge kwenye jipsamu, itashuka na silingi yote. Panda darini na tochi utafute mbao ya kenchi iko umbali gani toka ukutani, screw ziingie kwenye mbao

*Doto:* Anko naogopa popo

*Kulwa:* Mimi napanda. Jamani mimi ndio nafanya kila kitu

*Kulwa:* Mbao ipo mita 1 na nusu toka ukuta wa tivii, iko katikati karibu kabisa. Nyingine ni 2.7 imeshapita panga boi. Popo hakuna, kuna mpira wa Doto wa darasa la nne

*Doto:* NILISEMA NILIIBIWA

*Neema (Dar):* Nimepita Kariakoo leo mchana kwenye yale maduka ya vitu vilivyotumika, kuna mbili zinafaa. BenQ TH671ST iliyotumika anataka milioni moja na laki moja, na Optoma GT1080HDR anataka milioni moja na laki tano. Zote 1080p. Optoma ina mwanga zaidi, 3800, na inapokea mpaka fremu 120

*Doto:* Optoma!!! Mama naomba laki nne

*Mama Kulwa:* Hapana

*Anko Shija:* Hata zikiwepo. Tulia tupige hesabu ya mbao. Optoma namba yake ni 0.5 na haina zumu, imeganda hapo hapo. Ukiifunga kwenye mbao ya mita moja na nusu picha inakuwa upana wa mita 3, yaani kama inchi 136. Ukuta una 3.4, umekaa mita mbili na nusu toka picha, utakuwa unageuza shingo kama unaangalia tenisi, na mwanga umetandazwa mpaka umepauka. Ili upate inchi 100 lazima ikae mita 1.1, pale hakuna mbao, uanze kupigilia mbao mpya darini. Hiyo BenQ inaanzia 0.69 mpaka 0.83, ina zumu. Inchi 90 upana wake ni mita 2 kasoro sentimita moja, kwa hiyo inakubali kukaa popote kati ya mita 1.37 na 1.65. Mbao yenu iko 1.5. Imekaa yenyewe. Na fremu 120 PS4 haitoi, utalipia kitu hukitumii

*Doto:* Inchi 90 sio 100?

*Anko Shija:* Kwa 1.5 hata 95 unafika. Usiwe king'ang'anizi

*Bibi Nansio:* 🎤 0:52

*Mama Kulwa:* Mama anauliza hiyo taa haitaita wadudu wa ziwani. Anasema mwaka ule walijaa kwenye karabai mpaka wakaizima

*Anko Shija:* Shikamoo mama. Ni kweli kabisa, pale Kirumba nilifungua projekta nikakuta vijidudu vimebanikwa pembeni ya taa, harufu ya dagaa ndani ya mashine. Feni yake inavuta hewa na kila kilichomo. Hapo kwenu Buswelu hawafiki wengi ila Doto weka wavu madirishani, na kila mwezi panda ngazi upulize vumbi kwenye matundu ya hewa. Nyingine ni umeme. Taa ya hizo inachemka sana, ukiizima kawaida feni inaendelea kidogo kuipoza, umeme ukikatika ghafla feni nayo inakufa na taa inabaki na moto wake, ikitokea mara nyingi umri unapungua. Nunua UPS ndogo, lile boksi la betri ya akiba, sio ya kuchezea gemu gizani, ni ya kukupa dakika tano uizime vizuri

*Baba Kulwa:* Inakula umeme kiasi gani

*Kulwa:* Baba yupo humu 😳

*Anko Shija:* Shikamoo shemeji. Wati kama 300, masaa matatu na kitu uniti moja

*Baba Kulwa:* Marahaba. Uniti atanunua mwenyewe

*Doto:* Sawa baba

*Doto:* Na sauti anko? Naunga sabufa kwa bluetooth?

*Neema (Dar):* Bluetooth hapana, sauti nayo inachelewa, utasikia shuti mpira ukiwa umeshaingia. Vuta waya toka tundu la sauti. Afu kabla hujavuta chochote kesho narudi dukani. Baba niangalie nini?

*Anko Shija:* Aiwashe mbele yako. Ingia menyu usome saa za taa, ile taa ni ya saa kama elfu nne ukiwasha mwanga kamili, akikataa kukuonyesha ondoka. Omba waya wa HDMI uweke picha nyeusi tupu kwenye simu au laptop, ukiona vidoti vyeupe kama nyota hiyo chipu ya ndani imeanza kufa, havipungui vinaongezeka, usinunue hata akupe nusu bei. Baadae weka picha nyeupe uangalie madoa. Iache inawaka dakika ishirini usikilize feni. Na udai remoti, vile vitufe vya juu ya mashine ukishaifunga darini hutavifikia

*Neema (Dar):* Sawa mkuu wa kitengo

*Neema (Dar):* 📷

*Neema (Dar):* Niko dukani kwenye BenQ. Taa ina saa 1,640. Nyeusi safi, hakuna nyota. Ina mkwaruzo kwenye kava tu. Imewaka dakika 25 muuzaji ameanza kuniangalia vibaya. Remoti anasema "itapatikana"

*Anko Shija:* Itapatikana ni hakuna. Kata bei

*Doto:* Neema usimkasirishe jamani asije akaghairi

*Neema (Dar):* Nimemwambia laki nane na nusu bila remoti. Amecheka. Ameenda stoo

*Kulwa:* Mimi huku nimebandika magazeti ukutani kwa saizi ya inchi 90 mama aone. Inafika mpaka kwenye picha ya mahafali ya baba

*Baba Kulwa:* Picha haitoki hapo

*Anko Shija:* Shemeji sentimita ishirini tu ipande juu

*Mama Kulwa:* Nani ametoa shuka langu jeupe kwenye kabati

*Doto:* Mama nilikuwa najaribu tu kama skrini

*Mama Kulwa:* Na hizo pini??

*Neema (Dar):* Amerudi na remoti 😂 ilikuwepo. Laki tisa na nusu, mwisho wake. Naweka kwenye basi la usiku. Doto tuma hela sasa hivi kabla hajaenda kuswali

*Doto:* Natuma. Anko Jumamosi una sendofu?

*Anko Shija:* Nina ya jioni. Asubuhi nakuja na drili, wewe uwe na ngazi na screw za inchi tatu, na Kulwa apande tena kunishikia tochi